Filamu za vita vya Pasifiki na msimbo wa Kinavajo: tupeane uzoefu

JichoLaFilamu: Wakuu, uzi huu ni wa waliozitazama filamu hizi kwa makini. Tuseme Hollywood imepatia wapi, imekosea wapi, na ukweli ulikuwaje. Naanza na Windtalkers ya 2002, ya John Woo, iliyopigwa Hawaii lakini inaigiza mapigano ya kisiwa cha Saipan, kati ya Wamarekani na Wajapani, ya Juni na Julai 1944. Inahusu askari Wanavajo, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, waliotuma ujumbe wa siri wa jeshi redioni kwa msimbo wa lugha yao. Kosa lake kubwa ni kwamba msimbo wenyewe hauelezwi. Mtu anamaliza kutazama akiamini Wanavajo waliongea tu kilugha chao redioni na Wajapani wakatoka kapa. Hapana, kulikuwa na fumbo juu ya lugha.

FundiMawimbi: Sahihi kabisa mkuu. Chukua neno Saipan lenyewe. Msemaji anaanza na dibeh, yaani kondoo. Anayepokea anaigeuza kichwani kwa Kiingereza, sheep, anachukua herufi ya kwanza: S. Halafu wol-la-chee, siafu, ant: A. Tkin, barafu: I. Bi-so-dih, nguruwe: P. Sasa A inarudi tena, lakini safari hii anasema be-la-sana, tofaa, apple. Mwisho tsah, sindano: N.

Kwa nini A ilibadilishwa? Kwa sababu mvunja misimbo huanza kwa kuhesabu kinachojirudia. Herufi zinazotumika sana zikapewa maneno zaidi ya moja, na A ilikuwa na matatu.

Vitu vya kila siku vitani havikuendelezwa herufi kwa herufi. Nyambizi ni besh-lo, samaki wa chuma. Kifaru ni kobe. Mabomu ni mayai. Orodha ya kwanza waliitunga vijana 29 wa Kinavajo mwaka 1942, ikiwa na maneno kama 200, ikakua hadi zaidi ya 400. Yote yalikaa kichwani. Kitabu hakikupelekwa mstari wa mbele.

BintiKumbukumbu: Ndiyo maana Joe Kieyoomia, Mnavajo aliyetekwa Ufilipino, aliteswa na Wajapani ili atafsiri na hakuweza. Alisikia maneno ya kwao yakipangwa bila maana yoyote, kwa kuwa hakufundishwa msimbo.

Tukirudi kwenye Windtalkers, mhusika wa Nicolas Cage anaambiwa alinde msimbo hata kwa kumuua Mnavajo aliyepewa amlinde, na mmoja kweli anauawa kwa bomu la mkono la mwenzake. Marine, jeshi la Marekani walilotumikia Wanavajo hao, wamekana kwamba amri hiyo iliwahi kutolewa. Walinzi walikuwepo kwa baadhi yao, lakini sababu ilikuwa nyingine: askari wa Marekani waliwadhania Wajapani na kuwashika kwa mtutu. Hilo lingetosha kubeba filamu nzima, na inauma kuona limegeuzwa mauaji ya kubuni.

FundiMawimbi: Niongeze la mitambo. Filamu hupenda mtu mmoja anayekimbia na redio mgongoni huku anaongea. Redio ya TBX waliyoitumia sana haikuruhusu hivyo. Mmoja anakaa anazungusha mkono wa jenereta, mwingine anaongea. Akichoka wa kuzungusha, umeme unashuka na ujumbe unakatika. Wakimaliza kutuma, wanahama haraka kabla mizinga haijawalenga.

JichoLaFilamu: Na kisiwa cha Iwo Jima je, dada?

BintiKumbukumbu: Huko, Februari 1945, Wanavajo sita wa Divisheni ya 5 ya Marine walipeleka na kupokea ujumbe zaidi ya 800 katika saa 48 za mwanzo, bila kosa. Ila Flags of Our Fathers ya 2006, filamu ya askari waliopandisha bendera Iwo Jima, ina Ira Hayes kati ya wahusika wakuu, naye alikuwa wa kabila la Pima, si Mnavajo. Watu huchanganya kwa sababu mwigizaji Adam Beach ameigiza filamu zote mbili, naye ni wa kabila la Saulteaux la Manitoba, Kanada. Kinavajo ilibidi ajifunze. Ukitaka kumsikia mwenye lugha yake, kwenye Windtalkers mfuatilie Roger Willie, anayeigiza Whitehorse. Huyo ni Mnavajo.