Kilo saba ni za nani? Mkate wangu umeshushwa kwa mizigo, samaki wa mtu wamekaa juu ya kichwa changu

Wadau naandika hii na hasira bado ziko hapa kooni, na najua lazima kuna mmoja atakuja kuniambia si upande treni ya SGR uwache kelele, basi aje tu.

Ijumaa jioni nlikuwa natoka Mombasa kwenda Nairobi kwa ndege. Safari yenyewe haifiki hata saa nzima, hujamaliza maji unaambiwa funga mkanda tunashuka. Nimetoka Kibokoni mapema manake foleni ya Makupa ya Ijumaa naijua, nikafika uwanjani Port Reitz masaa mawili kabla. Nna sutikesi moja nimeilipia iende chini na kibegi cha mgongoni basi. Pale kaunta dada akaniambia na hicho kibegi weka kwa mizani. Nikaweka. Kilo tano na nusu. Sheria yao ni saba, akanifungia kale kakaratasi kao, tukaachana kwa salama. Ndani ya kibegi mlikuwa na mkate wa sinia, mamangu kaamka alfajiri kumpikia dadangu alojifungua juzi huko South C, kaufunga kwa kitambaa akaniusia huo ushike mwenyewe mkononi usimpe mtu. Na miwani yangu, chaja, na pawabenki.

Sasa kumbe mizani ni ya sisi wajinga tunaokwenda kaunta. Wale waliochukua bodingi pasi kwa simu wanapita moja kwa moja mpaka geti na hakuna mtu anawauliza umebeba nini. Nimekaa pale natizama watu wanavuta masutikesi ya magurudumu manne yale magumu, na mfuko wa begani, na mfuko mwengine wa karatasi ati huo si begi ni zawadi. Mmoja kabeba sanduku la barafu, lile la kubebea soda pikiniki, kalizungusha seloteipu mpaka limekuwa kama maiti. Nikajisemea huyu watamrudisha. Wapi!

Siti yangu 9C. Naingia, kabati la juu ya siti yangu limejaa, la mbele limejaa, la upande wa pili mna koti moja la suti limelazwa kama linalala usingizi, ukiligusa mwenyewe anakutizama. Na lile sutikesi kubwa juu ya kichwa changu mwenyewe nimemuona kwa macho yangu, kaingia, kalisukuma pale safu ya tisa, alafu kaenda zake kukaa huko nyuma karibu na choo. Yaani kapitia tu kutupa mzigo. Nikishuka nilichukue njiani, ndo hesabu yake.

Najua kabati si la siti yako, hilo msinisomeshe. Halina namba, ni la wote. Lakini la wote maana yake si la aliyewahi. Begi kubwa moja juu, kile kidogo chini ya siti iliyo mbele yako, koti ulipakate au ulilaze juu ya mabegi watu wakishamaliza. Hata kupanga watu hawajui. Kuna jamaa yangu alofanya kazi za uwanjani miaka, aliniambia kabati za zamani za Boeing 737 zaingia mabegi manne ya magurudumu na hizi mpya zaingia sita, ila hiyo sita ni ukilisimamisha begi kwa ubavu kama kitabu kwenye rafu. Ukililaza chali ushakula nafasi ya mwenzako. Sasa tizameni ndege yoyote, yote yamelala chali.

Na mie kibegi changu chini ya siti hakikuenea, manake mkate ni wa duara na nikiusimamisha utakunjika. Kosa langu hilo nalikubali.

Dada mhudumu akaja akaniambia hicho tupe kiende chini. Nikamwambia dadangu, hiki kimepimwa, mbona nyinyi hamuanzi na yale makubwa? Akanambia kaka yale yashapanda, ndege inachelewa. Ndo jibu hilo. Yaani ukivunja sheria mapema inakuwa haki yako, alofuata sheria akaja kwa zamu yake ndo anabeba mzigo wa wote.

Alafu hapa ndo nilipopandwa na mori kabisa. Hakuniuliza kuna nini ndani. Kama si mie kusema pawabenki ingeshuka nayo chini kwa mizigo, na hiyo dunia nzima ni marufuku, betri ya akiba inakaa ndani na abiria ili ikiwaka moto mtu aione aizime. Yangu ni ya mAh 20,000, hiyo ni kama wati-saa 74, na mwisho ni 100 bila kuomba ruhusa, kwa hivyo mie niko ndani ya sheria tena, kilo nimefuata betri nimefuata. Na hili si jambo la kutishana. Januari 2025 kule Korea Kusini uwanja wa Gimhae ndege iliungua ikiwa bado chini, moto ukaanzia kwenye hizi hizi kabati za juu, wachunguzi wakasema huenda ni pawabenki. Tangu Machi mwaka huo wenyewe wamekataza kuiweka juu, uwe nayo mwilini au mfuko wa siti. Sie huku tunashindiliwa begi juu ya begi na hakuna anayejua ndani mna nini.

Basi nikafungua kibegi katikati ya njia, watu nyuma yangu wanafyonza, natoa pawabenki natoa miwani natoa chaja, mzee mmoja akanishikia, Mungu ambariki. Mkate nao nikautoa? Nikauwache wapi, nipakate mpaka Nairobi? Nilisema nipakate, nikaambiwa wakati wa kuruka usiwe na kitu mapajani. Ukashuka.

Sasa nimekaa. Tumeruka, tumepita mawingu, nasikia tone. Shingoni. Nikadhani ni ile hewa ya baridi wakati mwengine hutoa maji. Tone la pili. Nanusa. Wallahi ni samaki. Lile sanduku la barafu liko juu yangu mie, seloteipu yote ile na bado lavuja! Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017 sawa, lakini kuna vyombo vya mfuniko, kuna akili pia. Dada mhudumu akaniletea tishu. Tishu mbili.

Na kushuka je? Magurudumu hayajasimama tayari watu wako wima, kabati ziko wazi, yule wa safu za nyuma anarudi mbio mbele kufuata sutikesi lake, akalivuta likamgonga yule yule mzee alonishikia miwani begani. Hakuomba hata radhi. Najiuliza siku ikitokea dharura hawa watu watatoka vipi. Pale uwanja wa Haneda, Tokyo, Januari 2024 ndege ilikuwa inawaka moto na watu 379 waliokuwa ndani wakatoka wote hai, na mabegi wakayaacha ndani. Huyu wetu angerudi safu ya tisa kufuata sutikesi.

Kampuni nimewaandikia. Wamejibu kwamba wanathamini maoni yangu. Sijaandika maoni, nimeandika swali moja tu, mbona mizani iko kaunta na haiko getini? Wekeni moja pale mlangoni muone hizo kilo saba zinakuwa ishirini. Wenye kuzidi walipe washushe, hamtohitaji kumvizia mtu wa mkate.

Dadangu alifungua kile kitambaa akatizama, akanambia huu si wa sinia huu ni wa kumimina ulokanyagwa. Akaula hivyo hivyo na chai. Mama nimemwambia umefika salama, atakayemfikishia uzi huu tutakosana.

Na wewe wa sanduku la barafu kama uko humu, ule samaki ni changu au ni tafi? Manake shati nimelifua mara tatu na bado nanuka, na mke wangu anataka kujua nlikuwa wapi.