Tupeane uzoefu: mmefanyaje vita vya mtandaoni vifanane na vita?

Mlinzi wa Zamu (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu. Kikundi chetu kina watu thelathini na ushee. Kila Jumamosi usiku tunacheza vita vya 1944, askari wa miguu na vifaru vichache. Tulianza kwa kuhangaikia sura: sare sahihi, bunduki sahihi, hata ule mlio wa klipu (kishikio cha risasi) ya bunduki ya Garand ikiruka baada ya risasi ya nane. Macho yalifurahi, ila tulipigana kama watoto wanaokimbizana. Mtu anavuka uwanja wazi kifua mbele, anapigwa, anasubiri sekunde kumi, anafufuka, anavuka tena palepale.

Kilichotubadilisha ni sheria moja: ukifa, unakaa nje mpaka hatua hiyo iishe. Usiku wa kwanza tukafika kwenye nyumba ya shambani yenye madirisha mawili ghorofani. Nyumba hiyohiyo tulizoea kuivamia kwa dakika moja. Safari hii tulilala mtaroni dakika kumi na moja. Watu walikuwa wananong'ona kwenye maiki, ingawa adui hana namna ya kutusikia. Mmoja akauliza, "Pazia la kushoto limetikisika, au ni macho yangu?" Hakuna aliyemjibu. Wote tulikuwa tunatazama pazia.

Tangu siku ile naamini uhalisia unakaa kwenye kile unachoogopa kukipoteza, na kwenye kile usichokijua. Bunduki nzuri ni nyongeza. Naomba kila mtu alete chake: sheria gani iliwabadilisha, ilikuwaje, na ipi mliijutia.

Koplo wa Ugavi

Kwetu ni risasi na mafuta, mkuu. Zamani ukikanyaga sanduku lolote unajazwa. Tukaifuta hiyo. Sasa kila mmoja anaanza na magazini saba za risasi thelathini, jumla 210, kiasi ambacho askari wa miguu wa Marekani hubeba kwa kawaida. Nyingine zinaletwa na lori, na lori linaendeshwa na mtu.

Pambano la kwanza liliisha dakika ya tisa, upande wetu wote umebaki na bastola. Watu walikasirika kweli. Lakini baada ya mwezi, ukifumba macho ukasikiliza tu, unamjua mzoefu: risasi moja, kimya, mbili, kimya. Mwenye bombomu peke yake ndiye anayemwaga, na waliomzunguka wanambebea mikanda.

Vifaru ndivyo vilinifundisha zaidi. Abrams, kifaru cha Marekani, inabeba lita 1,900 hivi, na injini yake ya turbini inakula mafuta hata ikiwa imesimama. Tulikuwa na vifaru vinne na lori moja. Kuliendesha tulimpa kijana mgeni, kwa kuwa hakuna aliyeitaka kazi hiyo. Adui akaviacha vifaru, akaenda kulivizia lori. Tulikuwa tumepanda kilima tukiona kila kitu, mizinga imejaa makombora, na injini zikazimika moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa ndani ya cha tatu, natazama mshale wa mafuta ukigusa sifuri. Siku hizi lori linasindikizwa na watu sita, na hatupangi shambulio kabla ya kumuuliza yule kijana.

Bila Mshale

Kwetu tulizima alama zote za ramani. Hakuna jina juu ya kichwa cha mwenzako, hakuna nukta inayoonyesha ulipo. Una karatasi ya ramani ndani ya gemu, dira na macho yako.

Wiki mbili za mwanzo tuliuana wenyewe kuliko adui alivyotuua. Nilimpiga rafiki yangu wa miaka mingi akitokea nyuma ya ua la miti, nikajua ni yeye aliponyamaza redioni katikati ya sentensi. Sasa hakuna anayevuka mbele ya mtutu wa mwenzake bila kutaja jina, upande anaotokea na idadi ya alio nao. Hiyo haikuandikwa kwenye sheria zetu. Ilizaliwa yenyewe.

Mwamuzi

Nimesubiri mada kama hii muda mrefu, mnivumilie nikirefusha.

Mimi huwa sichezi, naamua. Katika kampeni zetu, yaani mapambano yanayofuatana, kila upande una kamanda ambaye haoni uwanja kabisa. Anakaa na ramani tupu, anapokea ripoti za watu wake kupitia kwangu, na anatuma amri kupitia kwangu. Hatukulibuni sisi jambo hili. Mwaka 1824 luteni wa Prussia (dola ya Wajerumani ya zamani), Reiswitz, alitoa kanuni za Kriegsspiel, mchezo wa vita wa mezani ulioanzishwa na baba yake: ramani ya kipimo cha 1:8000, kila zamu ni dakika mbili za vita, na mwamuzi katikati, ili kila upande uone tu kile ambacho ungeweza kukiona. Mwaka 1876 ofisa mwingine wa Prussia, Verdy du Vernois, akataka majedwali na dadu viwekwe kando, mwamuzi mwenye uzoefu aamue kwa akili yake. Nimejaribu njia zote mbili. Dadu inanilinda nisipendelee, akili inaokoa muda, kwa hiyo natumia akili kwa madogo na dadu kwa makubwa.

Kinachofanya kazi kuliko vyote ni kuchelewesha ujumbe. Ripoti ikitoka mstari wa mbele naishikilia dakika tatu mpaka nane, kutegemea umbali na kama redio zinashika. Usiku mmoja kikosi kiliripoti, "Daraja ni letu." Ujumbe ulipomfikia kamanda, daraja lilikuwa limeshapotea dakika sita nzima. Akatuma vikosi vyake vyote vya akiba vivuke. Nilikuwa naona ramani zote mbili, nikaona magari yale kumi na mawili yakienda. Nilinyamaza, kwa sababu kazi yangu ndiyo hiyo. Kesho yake aliniandikia kwamba sasa anaelewa kwa nini makamanda huuliza jambo moja mara tatu.

Walioniaminisha kwamba njia hii ni ya maana ni wale wa Liverpool, 1942. Kapteni Gilbert Roberts na kikosi chake, wengi wao wanawake vijana wa jeshi la majini la Uingereza, walichora bahari sakafuni, wakawaweka maofisa wa meli za kusindikiza misafara nyuma ya mapazia ya turubai yenye matundu. Ofisa alichungulia akaona kile tu ambacho angekiona akiwa kwenye daraja la meli yake usiku. Humo ndimo zilimopatikana mbinu za kupambana na nyambizi za Ujerumani katika Atlantiki. Chaki na turubai tu, wakuu.

Sasa lile la kujutia. Mei 1942 Wajapani walicheza mezani shambulio la Midway, kisiwa cha Wamarekani katika Pasifiki, kabla ya kwenda. Hesabu za mchezo zikaonyesha meli zao mbili za kubeba ndege zimezama. Admirali Ugaki, aliyesimamia, akapunguza idadi ya mabomu yaliyohesabiwa kuwa yamepiga, na Kaga, moja ya hizo mbili, ikarudishwa kwenye hatua iliyofuata. Mwezi uliofuata, Juni, zilizama nne za kweli, Kaga ikiwa mojawapo.

Niliijua habari hiyo vizuri, na bado nikafanya vilevile. Mwaka wa pili wa kampeni yetu meli kubwa ya upande mmoja ilizama siku ya kwanza. Mwenyewe alikuwa ameipaka rangi wiki tatu, na ni mtu ninayempenda. Nikasema torpedo moja haikulipuka. Hakuna aliyelalamika. Ila tangu hapo kila uamuzi wangu ulikuwa na mtu wa kuuhoji, na ndani ya mwezi kampeni ikafa. Ndiyo pekee niliyowahi kuiharibu kwa mkono wangu.

Saa Moja Tu

Naheshimu yote haya, lakini niseme upande wa pili. Nina saa moja usiku, watoto wakishalala. Kwenye seva ya wapenda uhalisia nilitembea dakika arobaini msituni, nikapigwa na mdunguaji ambaye sikumwona, nikaambiwa nisubiri awamu iishe. Siku iliyofuata hivyohivyo. Sikuambulia kitu zaidi ya kuchoka.

Kikundi nilichopo sasa kilikata matembezi, kikaacha madhara. Tunaanzia mita mia tano kutoka kwa adui, mipango imeshafanywa kwa maandishi mchana. Ukifa umekufa, lakini pambano zima ni dakika ishirini na tano, na aliyekufa anakuwa msaidizi wa mwamuzi. Nimeogopa zaidi katika dakika hizo kuliko kule msituni. Tafadhalini, mkipanga sheria mhesabu na uhai wa mchezaji aliye nje ya skrini.

Buti Kuukuu

Nimetumikia jeshi miaka mingi, sasa nimestaafu na nacheza na wanangu. Saa Moja Tu amesema kweli: hata sisi sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kusubiri, na hakuna sababu ya kumlisha mtu kusubiri kama burudani. Ila kuna mambo matatu ningewaomba.

La kwanza ni sauti. Gemu nyingi zinaleta mlio na risasi pamoja. Mita 300 risasi ya bunduki inakufikia kwa takriban nusu sekunde, mlio unahitaji karibu sekunde nzima. Kwanza unasikia mchapo wa kitu kikikupita, halafu ndipo unasikia bunduki. Pengo hilo ndilo linalokuambia adui yuko mbali kiasi gani. Mkipata modi (nyongeza ya gemu) inayofanya hivyo, iwekeni leo. Vijana wangu walijifunza kukadiria umbali kwa wiki moja bila mimi kuwafundisha.

La pili ni majeruhi. Wekeni majeruhi kuliko wafu. Aliyekufa amekufa, lakini aliyepigwa paja anapiga kelele, anahitaji wawili wa kumvuta na wa tatu wa kumfyatulia adui risasi ili kuwakinga. Tulipoanza hivyo, binti yangu aliacha lengo zima la pambano ili kumfunga mwenzake mkanda wa kuzuia damu. Walishindwa usiku ule. Nilimwona mkono ukitetemeka kwenye kipanya, sikumwambia neno.

La tatu, sheria za vita ni sehemu ya vita. Mikataba ya Geneva ya 1949 inamlinda aliyejisalimisha, majeruhi na mtabibu, na alama ya msalaba mwekundu si pambo la kubandika kwenye sanduku lolote la kuongeza uhai. Kwetu anayempiga risasi aliyenyoosha mikono anatoka usiku huo, hata kama ndiye mpiganaji bora. Nilimtoa mwanangu mwenyewe.

Mnyororo

Upande wa vifaru: hesabu idadi kabla hujahesabu unene wa chuma. Tiger I za Ujerumani zilitengenezwa kama 1,350 tu. T-34 za Wasovieti zilipita 50,000 wakati wa vita, na Sherman za Marekani zilikaribia idadi hiyo. Halafu unaingia kwenye pambano la mtandaoni unakuta Tiger nane kwenye kijiji kimoja. Kwetu Tiger ni moja kwa kampeni nzima, ina tani 57, na madaraja tumeyapa uzito yanayoweza kubeba. Yule anayeipata anaipeleka polepole kama yai.

Na onyo moja, kwa uchungu. Mwaka 2021 wachezaji wa War Thunder, gemu ya vita ya mtandaoni, walifikia kubandika kurasa za nyaraka za kijeshi za vifaru vya Challenger 2 (Uingereza) na Leclerc (Ufaransa) ili kushinda ubishi wa takwimu, na watengenezaji wakaziondoa. Ubishi wa milimita za chuma usimfikishe mtu huko. Kama taarifa haiko wazi kwa umma, kadirieni, mkubaliane, mwendelee.

Mlinzi wa Zamu

Nimesoma yote mara mbili, asanteni sana. Jumamosi tunaanza na majeruhi wa Buti Kuukuu na dakika ishirini na tano za Saa Moja Tu. Mwamuzi, nina swali kuhusu kuchelewesha ujumbe: unawazuiaje wasipigiane simu pembeni?

Mwamuzi

Siwazuii, siwezi. Ninachofanya ni kubadilisha saa ya kuanza hatua kati ya kikosi na kikosi, hivyo anachokisema mwenzako kwenye simu kinaweza kuwa cha dakika tano mbele yako au tano nyuma, na hujui ni kipi. Mmoja alipiga simu, akahamisha kikosi chake akaenda kuokoa watu waliokuwa hawajashambuliwa bado. Alipofika akawakuta wanachimba mahandaki, wanamwuliza amefuata nini.