Slagi zinatawanyika kwenye bunduki ya hewa ya milimita 5.5: nianze kurekebisha wapi?

Mlengaji_Ohio

Wakuu, salaam. Nina bunduki ya hewa ya PCP (inayotumia hewa iliyobanwa awali kwenye tangi lake) ya milimita 5.5 ambayo naitumia kulenga shabaha na, msimu unapofunguliwa, kuwinda kindi. Kwa peleti (risasi ndogo za kawaida zenye kiuno chembamba na sketi nyuma) za greni 18, yaani kama gramu 1.2, sina malalamiko, kwani nikiwa mita 50 siku isiyo na upepo matundu yote hukaa ndani ya sentimita 2. Nimenunua slagi, yaani zile risasi zisizo na kiuno wala sketi, za greni 21 na kipenyo cha milimita 5.51, kwa sababu nilitaka kufika mita 100 bila kusumbuliwa na upepo. Katika umbali uleule wa mita 50 zinatawanyika sentimita 6 hadi 7, na mtawanyiko ni wa pande zote, si wa juu na chini tu.

Reguleta, kifaa kinachodhibiti shinikizo la hewa, nimeiweka baa 130. Kronografu, yaani kipima kasi ya risasi, inaonyesha kasi kati ya mita 270 na 282 kwa sekunde. Matundu kwenye karatasi ni ya duara, hayajarefuka. Mtengenezaji anasema mifuo ya mtutu, ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, huzunguka mara moja kila milimita 450, na rafiki yangu ananishauri ninunue mtutu wenye mzunguko wa haraka zaidi. Kabla sijatoa fedha hizo, naomba kujua ninyi mngeanza na kipi.

Fundi_Valvu

Ndugu, mimi ningeanza na hewa. Tofauti ya mita 12 kwa sekunde kati ya risasi na risasi ni kubwa mno kwa bunduki yenye reguleta, na inaonyesha kwamba nyundo (inayogonga valvu ya kutoa hewa) na shinikizo havijapatanishwa. Iache reguleta hapo kwenye baa 130, halafu kaza springi ya nyundo kidogo kidogo huku ukipima kasi, mpaka ufike mahali ambapo ukikaza zaidi kasi haiongezeki tena. Hapo valvu inafunguka kupita inavyohitajika na unapoteza hewa bure. Sasa ilegeze springi mpaka kasi ishuke kwa asilimia 3 hadi 5 kutoka kwenye kilele hicho, na utaona tofauti kati ya risasi moja na nyingine inapungua sana, kwa sababu katika sehemu hiyo nyundo na shinikizo husahihishana.

Ikiwa baada ya hapo kasi haifiki unapotaka, ongeza baa 5 au 10 kwenye reguleta na urudie zoezi lote, wala usijaribu kufidia kwa springi peke yake. Slagi nyingi za milimita 5.5 hupenda kasi ya mita 275 hadi 300 kwa sekunde. Usizipeleke karibu na mwendo wa sauti, ambao ni takriban mita 340, kwa kuwa huko hewa huzitikisa hata kama mtutu ni mzuri. Jambo jingine: ukiiacha bunduki imejazwa kwa dakika kadhaa, kisha risasi ya kwanza ikawa na kasi kuliko zinazofuata, reguleta inavuja polepole na oringi zake (pete za mpira za kuzuia hewa) zinahitaji kubadilishwa.

Mzee_wa_Mtutu

Ushauri wa Fundi_Valvu ni sahihi kwa bunduki yoyote, lakini hautaponya tatizo hili, na hesabu inaonyesha wazi. Slagi yenye kasi ya mita 270 hufika mita 50 kwa takriban sekunde 0.185, na ile ya mita 282 kwa sekunde 0.177. Katika muda huo ya kwanza huwa imeanguka kama sentimita 17 na ya pili sentimita 15 na kitu, hivyo tofauti yao ni karibu sentimita 1.4, tena ni ya wima tu. Mwenzetu ana sentimita 6 za pande zote. Kwa mita 100 tofauti hiyohiyo ya kasi ingezidi sentimita 5, na hapo ndipo kurekebisha hewa kutakuwa na thamani yake.

Mzunguko wa mifuo nao ningeuacha. Ipo kanuni ya zamani ya Greenhill, Mwingereza aliyeitoa mwaka 1879: zidisha kipenyo kwa kipenyo, zidisha kwa 150, kisha gawanya kwa urefu wa risasi. Kwa slagi ya milimita 5.5 yenye urefu wa milimita 8 unapata karibu 567, yaani inatosha mifuo izunguke mara moja kila milimita 567. Wewe una 450. Isitoshe, slagi isiyozungushwa vya kutosha huyumba na kutoboa karatasi kwa ubavu, nawe umesema matundu ni ya duara.

Kinachobaki ni jinsi slagi inavyokaa ndani ya mtutu. Peleti husamehe: sketi yake ni nyembamba, hewa huitanua ikashika mifuo, na umbo lake lenyewe huiongoza angani hata ikiwa na kasoro ndogo. Slagi haina msaada huo, hutegemea kuzunguka tu, na ubavu wake mrefu husugua mtutu mwanzo hadi mwisho. Mitutu mingi ya bunduki za hewa imebanwa kidogo karibu na mdomo, jambo linalozisaidia peleti. Slagi inayobanwa hapo hukutana na upinzani ambao haulingani kati ya risasi moja na nyingine, na madini ya risasi hujikusanya mahali hapohapo.

Toa hewa yote, ondoa mtutu, usafishe, kisha sukuma slagi moja kwa ufito wa shaba kutoka nyuma hadi mdomoni ukisikiliza kwa mkono. Pima kipenyo chake kwa maikromita kabla na baada. Halafu rudisha mtutu, upakie nyingine kutoka kwenye magazini kama kawaida, lakini usifyatue. Irudishe nje taratibu uitazame kitako. Ukiona upande mmoja umekwanguliwa umbo la mwezi mwandamo, magazini haikunyooka na mtutu, na hakuna springi wala reguleta itakayorekebisha hilo.

Mlengaji_Ohio

Nashukuru sana. Slagi ilipita kwa ulaini hadi sentimita 3 za mwisho, ikakwama, nikalazimika kuegemea ufito. Iliingia na milimita 5.51 ikatoka na 5.47. Vitako vya slagi zilizopita kwenye magazini ni vizima. Nimepata pakiti ya slagi za milimita 5.49 na, bila kugusa kitu kingine, mtawanyiko umeshuka hadi sentimita 3. Hata hivyo, mara kwa mara kuna moja inayokwenda mbali na wenzake bila sababu ninayoweza kuiona. Natumia sailensa, kile kifaa cha mdomoni cha kupunguza sauti.

Kijana_wa_Birmingham

Nawaonea wivu kidogo. Huku Uingereza, bunduki ya hewa isiyo na cheti cha silaha haipaswi kuzidi futi-pauni 12, yaani kama jouli 16, na kwa nguvu hiyo slagi ya gramu 1.3 haitafika hata mita 160 kwa sekunde. Mkunjo wa njia yake unakuwa mkubwa kiasi kwamba kosa dogo la kukadiria umbali linaharibu kila kitu, kwa hiyo wengi wetu tumebaki na peleti nyepesi. Swali langu: ule mbano unaweza kuondolewa?

Mzee_wa_Mtutu

Unaweza kukatwa, lakini mdomo mpya lazima uchongwe kwenye mashine ya kerezo ukiwa na pembe mraba kabisa na mtutu, kwa maana hewa ikitoka upande mmoja mapema husukuma kitako cha slagi kombo. Kwa Mlengaji_Ohio sioni haja bado. Ondoa sailensa, lenga tena katika utulivu uleule, na kabla ya kuirudisha chungulia ndani kwa tochi: alama ya kijivu inayong'aa kwenye ukingo wa tundu lolote inamaanisha slagi inagusa inapopita, nayo si lazima iguse kila mara. Ikiwa ni safi, rudi kwenye springi kama alivyoeleza Fundi_Valvu, kisha nenda mita 100. Huko hakikisha nyuma ya shabaha kuna kifusi cha udongo na si ubao, kwa kuwa slagi hubaki na nguvu mbali kuliko peleti ulizozizoea.