Kadi za zawadi za bei ya punguzo Marekani: faida halisi ni kiasi gani?

MkaziOhio: Wakuu, nataka seti ya drili na betri zake Home Depot, dola 600 kabla ya kodi. Tovuti ya CardCash na wenzao huuza kadi za zawadi za duka hilo (kadi zilizowekwa fedha za kununulia dukani) chini ya thamani yake. Punguzo likiwa asilimia 6, naokoa kiasi gani? Na nikinunua seti ya pili niiuze eBay, italipa?

HesabuKwanza: Kodi ya mauzo hukatwa kwenye bei ya bidhaa, si kwenye ulichotoa kununulia kadi. Tuseme kodi ni 7.5%: unahitaji kadi za dola 645, unazipata kwa 606.30. Umeokoa 38.70. Ukizinunua kwa kadi ya benki inayorudisha 2%, ongeza kama dola 12, mradi benki yako haihesabu ununuzi huo kuwa sawa na kutoa fedha taslimu.

Ya kuuza eBay achana nayo. Ada yao kwa bidhaa nyingi ni kama 13%, na inakatwa kwenye jumla yote aliyolipa mnunuzi, pamoja na usafirishaji na kodi. Akilipa 665, ada ni zaidi ya dola 86. Punguzo lako limemezwa mara mbili! Kuuza tena kunalipa pale duka lenyewe linapomaliza stoku kwa nusu bei. Hapo kadi inakuwa nyongeza tu.

Mama Stoo: Nakubaliana naye, ila hatari kubwa iko kwenye kadi zenyewe. Chukua za elektroniki, si za plastiki. Za plastiki zinazoning'inia dukani wezi huzikwangua, wakanakili namba na PIN, wakabandika utepe mpya, kisha wanasubiri mtu aweke fedha.

Weka bidhaa kwenye kikapu kwanza, ndipo ununue kadi. Kagua salio kwenye tovuti ya duka lenyewe, piga picha ya skrini, tumia siku hiyohiyo. Mtu aliyeiuzia tovuti kadi hiyo anaweza kuwa bado ana namba zile, na dhamana ya tovuti yenyewe ina muda wake. Chagua kadi chache zenye thamani kubwa, maana oda za mtandaoni huwa na ukomo wa idadi ya kadi.

Na usizitupe zikiisha: ukirudisha bidhaa, fedha hurudi kama salio la duka, si benki.

MkaziOhio: Kwa hiyo nisiweke akiba ya kadi hata punguzo likiwa zuri? Nilisikia sheria inazilinda miaka 5.

HesabuKwanza: Sheria ya shirikisho ya 2009 inazuia salio kuisha muda kabla ya miaka 5. Haikulindi duka likifilisika. Bed Bath & Beyond waliomba ulinzi wa mahakama Aprili 2023, na baada ya Mei 8 kadi zao hazikupokelewa tena.

Mama Stoo: Na wanaotaka kutuma kadi nyumbani: kadi ya Apple ya Marekani haiingii kwenye akaunti iliyosajiliwa Tanzania au Kenya.