Je, imani ya dini humzuia mtu kutenda maovu? Tuijadili kwa kuitazama Rwanda ya 1994

Mleta mada

Ndugu zangu, kila tukizungumzia maadili huku kwetu, haipiti muda kabla mtu hajasema kwamba watu wameharibika kwa sababu hawana hofu ya Mungu. Ndivyo wengi wanavyoamini. Mwaka 2019 taasisi ya utafiti ya Pew iliuliza watu wa nchi 34 kama ni lazima mtu amwamini Mungu ndipo awe mwema. Kenya, asilimia 95 walisema ndiyo. Sweden, asilimia 9. Mimi ni muumini na ninasali, lakini naona jibu hilo la haraka linatuficha jambo zito, na jambo lenyewe lilitokea hapa hapa kwa majirani zetu.

Rwanda ya 1994 haikuwa nchi ya wasioamini. Katika kila watu kumi, karibu tisa walikuwa Wakristo, wengi wao Wakatoliki. Mwaka 1946 Mfalme Mutara III Rudahigwa alikuwa ameiweka nchi nzima wakfu kwa Kristo Mfalme. Watutsi, kabila la wachache, walipoanza kuwindwa na Wahutu wenye msimamo mkali mwezi Aprili, maelfu walikimbilia makanisani, kwa kuwa katika machafuko ya miaka ya nyuma aliyeingia kanisani alipona. Safari hii waliuawa humo humo: Ntarama, Nyamata, Nyarubuye.

Kisa cha Nyange ndicho kinachoninyima usingizi. Watu wapatao 1,500 walikuwa wamejificha katika kanisa la parokia, chini ya padri Athanase Seromba. Tarehe 16 Aprili likaletwa tingatinga. Kwa mujibu wa ushahidi uliotolewa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda kule Arusha, dereva alimwuliza padri kama kweli alibomoe kanisa, naye padri akakubali. Kanisa likaangushwa juu ya watu. Mwaka 2006 Seromba alihukumiwa miaka 15. Mwaka 2008 majaji wa rufaa wakaifanya kifungo cha maisha, kwa sababu waliona neno lake ndilo lililoamua.

Hebu tumtazame huyo dereva. Wauaji walikuwa wamemzunguka na amri alikuwa nayo, lakini bado alitaka kusikia kwa padri. Imani yake ilikuwa hai na ilikuwa inafanya kazi. Kama padri angesema hapana, sijui kama watu wale wangepona, ila naamini mkono wa dereva ungekuwa mzito zaidi. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema dini haiyagusi matendo ya mtu. Inayagusa sana. Hoja yangu ni kwamba nguvu ile huenda upande anaouelekeza mwenye neno la mwisho. Na kanisa la Rwanda lilikuwa limekaa meza moja na watawala kwa muda mrefu mno. Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikuwa mjumbe wa kamati kuu ya MRND, chama tawala, kwa miaka mingi. Muumini wa kawaida angejifunzia wapi kwamba sauti ya serikali na sauti ya Mungu zinaweza kupingana?

Naomba michango.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, unaionea dini. Wale hawakuwa waumini, walikuwa na majina ya ubatizo tu. Mtu mwenye Mungu moyoni hawezi kumkata jirani yake panga. Mbona hukumtaja Félicité Niyitegeka wa Gisenyi? Mama yule, Mhutu, alikuwa amejiweka wakfu katika utume wa walei, yaani waumini wasio mapadri. Aliwaficha Watutsi na kuwavusha mpaka kwenda Goma, Kongo. Kaka yake alikuwa kanali wa jeshi na alitaka kumwokoa, mama akakataa kuwaacha watu aliowahifadhi. Aliuawa pamoja nao. Dini ya kweli ndiyo ile.

Mleta mada

Niyitegeka namheshimu kuliko ninavyoweza kueleza, na sina shaka kwamba imani ndiyo iliyomsimamisha pale. Lakini angalia unavyohesabu. Aliyetenda wema unasema ni muumini wa kweli, aliyetenda uovu unasema hakuwa muumini. Kwa hesabu hiyo dini haiwezi kushindwa hata siku moja, na kwa hiyo haitufundishi kitu. Padri wa Nyange na mama wa Gisenyi walikula ekaristi moja na kufundishwa katekisimu moja. Swali ni kwa nini mmoja aliweza kusema hapana.

Na kuna mwingine wa kumkumbuka, bibi mzee Karuhimbi, mganga wa kienyeji. Aliwaficha watu zaidi ya mia nyumbani kwake. Interahamwe, wanamgambo wa Kihutu, walipokuja, alijipaka majani ya kuwasha, akatikisa bangili zake na kuwatishia kwamba wakivuka kizingiti mizimu itawashukia. Wakaondoka. Watu wa kundi lililoua mpaka mbele ya altare waliiogopa mizimu ya bibi mmoja. Hofu ya kisichoonekana ilikuwepo tele Rwanda. Kanisani hakuna aliyewaambia kwa sauti hiyo kwamba kumgusa Mtutsi ni kumgusa Mungu.

Mchangiaji wa pili

Mimi si mtu wa dini, nitasema wazi. Nyange hiyo hiyo, Machi 1997, waasi wa Kihutu waliingia katika shule ya sekondari usiku, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Watoto wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa kwa jibu hilo, na leo nchi inawaenzi kama mashujaa. Hawakujibu kwa kutaja dini, walijibu kwa utu. Utu unatosha.

Mchangiaji wa tatu

Naomba msiwasahau Waislamu wa Rwanda. Walikuwa wachache sana, wakiitwa Waswahili kwa sababu dini iliwafikia kupitia wafanyabiashara kutoka pwani yetu. Wengi walikataa kuua, na mitaa yao, kama Biryogo kule Kigali, iliwaficha watu. Baada ya vita wengi walisilimu kwa kuyaona hayo.

Mleta mada

Ahsanteni. Naanza na wa tatu, kwa kuwa umeleta ushahidi mzito kuliko wote. Ni kweli, na ni fahari kwa watu wa lugha yetu. Lakini Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililochapa zile Amri Kumi za Wahutu, za kuchochea chuki dhidi ya Watutsi, Desemba 1990, naye alikuwa Mwislamu, na mahakama ile ya Arusha ilimfunga. Kwa hiyo jina la dini halikumkinga mtu. Ninachokiona ni kwamba Waislamu kama jamii walikuwa wametengwa na madaraka tangu enzi za Wabelgiji, walioana Wahutu kwa Watutsi, na maimamu wao hawakuwa na kiti cha kupoteza serikalini. Wangeweza kukataza, na wengi walikataza.

Wa pili, wale watoto nawavulia kofia. Ila usiitupe dini haraka. Mtafiti mmoja alifanya jaribio kwa wenye maduka wa Marrakesh, Moroko, na kulichapisha mwaka 2015. Aliwapa wachague kati ya fedha kidogo za kwao wenyewe na fedha nyingi zaidi za kwenda kwa wahitaji. Waliochagua huku adhana inasikika, wote walichagua kutoa zote. Wakati wa ukimya, ni kama sita katika kila kumi. Soko lile lile, dini ile ile. Sauti ilipowafikia, mkono ulifunguka.

Ndiyo maana nasema tuchunguze sauti inayomfikia muumini saa ya uamuzi, na nani anailipia. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza zirudishwe fedha ambazo Rais Ruto alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, Nairobi. Kwangu hilo lina uzito kuliko mahubiri mengi juu ya vijana walioharibika, maana padri asiyedaiwa na mtawala anaweza kumkatalia. Mchangiaji wa kwanza, nakuuliza wewe hasa: katika kanisa lako, wanasiasa wakija na bahasha, zinapokelewa au zinarudishwa?