Naomba ushauri: mdogo wangu amewekwa kundi la tano

Asalaam aleikum jamaa. Niko Langoni, Lamu. Mdogo wangu amepata nafasi chuo kikuu cha umma huko bara, lakini katika mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 amewekwa kundi la tano, lile la familia zenye uwezo zaidi: ruzuku asilimia 30, mkopo 30, sisi nyumbani 40. Arubaini! Baba ni mvuvi, na kusi hii siku nyingine harudi hata na kitoweo. Nahisi ni kwa kuwa alisoma skuli ya kulipia, ila karo alilipiwa na mfadhili. Aliyekata rufaa akabadilishiwa kundi, aliambatisha nini? Barua ya chifu yatosha? Kuripoti kumebaki wiki tatu, naye ameanza kusema bora aende baharini na baba. Yaniuma sana.