Mdogo wangu mcheza ngoma anakataa chakula: nianzie wapi?

Dada wa Igoma
Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Mdogo wangu ana miaka 17 na anacheza katika kikundi kimoja hapa Mwanza kinachochanganya ngoma za asili na dansi za kisasa. Tangu kiongozi wao aanze kuwapima uzito kila Jumamosi mbele ya wenzao, na kuwapanga safu ya nyuma wasichana walioongezeka, binti huyu ameacha ugali, ameacha hata sato, na kila chakula kikitengwa husema amekwisha kula mazoezini. Mara mbili nimemsikia akijitapisha. Hedhi yake haijaonekana kwa miezi 4, na kipimo kilionyesha hana mimba. Majirani wananong'ona kuhusu UKIMWI, kwa kuwa kwetu mtu akikonda hawafikirii jambo jingine, naye mama anataka tumpeleke kwa mganga. Nimsaidieje bila kumnyang'anya ngoma anayoipenda?

Mchezaji wa Zamani, Magu
Pole sana, dada. Mimi nilicheza bugobogobo kwa miaka 9. Ngoma hiyo ya Wasukuma ilizaliwa shambani, watu wakilima kwa mdundo, na hakuna awezaye kulirusha jembe juu na kulidaka akiwa na njaa. Wazee walimsifu mchezaji mwenye mwili ulioshiba. Siku hizi sifa imehamia kwenye kiuno chembamba cha picha za simuni, na wanaoumia zaidi ni wasichana wenye bidii, kwa sababu wao ndio wanaotii kila wanachoambiwa. Nami niliwahi kushinda mazoezini kwa chai ya rangi peke yake, nikasifiwa wepesi, hadi mfupa wa mguu ulipopata ufa. Nendeni na mtu mzima mkamwone kiongozi huyo, na mizani ile iondolewe.

Muuguzi, Nyamagana
Dada, hedhi kukoma kusichukuliwe kuwa dalili ya mazoezi makali tu. Mwili usiopata chakula cha kutosheleza kazi unayoifanya hupunguza homoni na mapigo ya moyo, na mifupa hukosa uimara katika umri uleule ambao ilipaswa kujengeka. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hiyo jina la upungufu wa nishati kwa wanamichezo, ikieleza kwamba wanaume nao huipata. Mwaka huohuo uchambuzi wa tafiti mbalimbali ulionyesha kwamba hatari ya matatizo ya ulaji kwa wachezaji dansi ni takriban mara 3 ya watu wengine. Linalonitia hofu zaidi ni kujitapisha, kwa kuwa hupunguza madini ya potasiamu mwilini na kuvuruga moyo, hata kwa mtu asiyeonekana kukonda. Mpelekeni hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando apimwe damu na moyo, na mwombe aonwe pia na daktari wa afya ya akili. Msimlazimishe kumaliza sahani kubwa kwa ghafla, maana baada ya njaa ya muda mrefu hilo nalo ni hatari. Akizimia, msisubiri siku ya kliniki.

Dada wa Igoma
Asanteni sana. Jana usiku nilizungumza naye, akalia, kisha akauliza kama hospitalini nako atapimwa mbele za watu. Nimemwahidi kwamba nitaomba apimwe faraghani, akiwa ameyapa mgongo maandishi ya mizani. Tunakwenda Jumatatu asubuhi, na kwa kiongozi nitafuatana na baba mdogo.